Lukafu: Kabla ya kununua pampu ya bustani, pima kwanza kisima chako

Lukafu, kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, chini ya milima ya Kundelungu. Hapa, kama kote katika Haut-Katanga, mvua inakatika mwezi wa 4 na hairudi vizuri kabla ya mwezi wa 10 ao wa 11. Katikati kuna karibu miezi sita ambapo bustani ya nyumbani inaishi kwa kisima cha lupangu, na kwa mikono ya wale wanaochota maji, mara nyingi mama na watoto.

Lakini hiyo ndiyo miezi ambayo mboga ina bei. Lenga-lenga, tomati, kitunguu na shu vinavyotoka shambani wakati majani yote yamekauka vinapata mnunuzi haraka, hapo kijijini ao katika masoko ya Lubumbashi. Na mwezi wa 9 shule zinafunguliwa. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini sekondari bado inalipwa. Jamaa nyingi zinangojea feza hiyo kutoka bustani ya kiangazi.

Ndiyo maana wengi wanaweka akiba, wengine wanangoja zamu yao ya likelemba, ili wanunue pampu, ao pompe kama tunavyosema. Anayekosea kuchagua anapoteza feza ya pampu pamoja na mboga ya msimu mzima. Makosa hayo yanaweza kuepukwa kwa hesabu chache ambazo kila mtu anaweza kuzifanya kabla ya kupanda gari ya kwenda mjini.

Bustani inakunywa maji mangapi?

Katika kiangazi, metre moja ya mraba ya mboga inahitaji karibu litre 5 za maji kwa siku. Tuchukue bustani ya metre 20 kwa 15. Hizo ni metre za mraba 300, maana yake litre 1,500 kila siku.

Kwa bido za litre 20, hizo ni bido 75. Kwa uzito, ni tani moja na nusu ya maji inayobebwa na watu kila siku. Kama kisima kiko metre 30 kutoka bustani, anayebeba bido moja moja anatembea kilometre 4 na nusu, kwenda na kurudi. Mtu akiona hesabu hiyo anaelewa kwa nini bustani nyingi zinabaki ndogo, na kwa nini mtoto anafika shuleni amechoka.

Lakini hesabu hiyo inaonyesha jambo lingine pia. Litre 1,500 kwa siku si maji mengi kwa pampu. Pampu ndogo inayotoa litre 500 kwa saa inamaliza kazi kwa saa tatu. Bustani ya nyumbani haihitaji pampu yenye nguvu nyingi. Inahitaji pampu inayofanya kazi polepole, kila siku, bila kuharibika.

Kisima ndicho kinachoamua

Kosa linaloleta hasara kubwa ni kuchagua pampu kwa kuangalia nguvu yake tu, bila kuangalia kisima.

Kisima cha kuchimbwa kwa mikono chenye upana wa metre moja, kikiwa na maji ya urefu wa metre 2, kina karibu litre 1,570. Motopompe ndogo ya esansi, aina inayouzwa sana madukani, inaweza kutoa litre 500 kwa dakika. Kisima hicho kinakauka kwa dakika tatu. Kisha pampu inavuta hewa, inapata moto, mpira unaozuia maji unaungua, na fundi anaitwa. Mwenye pampu anasema ameuziwa kitu kibovu, kumbe pampu ilikuwa nzima na kisima ndicho kilikuwa kidogo.

Kupima kisima hakulipishwi. Funga jiwe kwenye kamba, lishushe, angalia kamba imelowa kuanzia wapi. Hapo unajua maji yako umbali gani kutoka juu na urefu wake ni metre ngapi. Kisha chota bido nyingi haraka, hesabu kila moja, na ngoja saa moja uone maji yamepanda tena kiasi gani. Maji yanayorudi kwa saa moja ndiyo kipimo cha pampu yako. Pampu isivute zaidi ya hapo kwa muda mrefu.

Kipimo hicho kifanywe mwezi wa 9 ao wa 10, wakati maji yameshuka kabisa. Anayepima mwezi wa 3, mvua ikiwa bado inaanguka, anajidanganya. Kisima kinachoonyesha maji kwenye metre 4 wakati wa mvua kinaweza kushuka sana kiangazi kikifika mwisho.

Metre 6: mpaka ambao pampu ya juu haiwezi kuvuka

Pampu iliyowekwa juu ya ardhi haivuti maji kwa nguvu zake peke yake. Inatoa hewa ndani ya tiyo, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji kupanda. Kando ya bahari, hewa haiwezi kupandisha maji zaidi ya metre 10 hivi, hata pampu iwe ya namna gani. Lubumbashi iko karibu metre 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mpaka huo unashuka hadi karibu metre 9. Ukitoa hasara za tiyo, viungo na joto, mtu wa Haut-Katanga asitegemee zaidi ya metre 6.

Kwa hiyo, kama maji yako metre 8 chini, pampu yoyote ya juu, ya esansi ao ya umeme, ya bei kubwa ao ndogo, haitaleta maji. Hapo inahitajika pampu inayozama, ile inayoshushwa ndani ya maji yenyewe na kuyasukuma kwenda juu.

Wengine wanajaribu kushusha motopompe ya esansi ndani ya kisima ili ikaribie maji. Hilo ni jambo la hatari ya kifo. Moshi wa motere una gesi isiyo na harufu, inayojaa kisimani na kumwangusha mtu kwa dakika chache. Anayeshuka kumwokoa mwenzake anaangukia hapo hapo. Motere ya esansi isishushwe kisimani hata siku moja, na mtu asishuke kisimani wakati motere inafanya kazi karibu na mdomo wake.

Aina nne, kila moja na mahali pake

*Pampu ya miguu.* Inafaa pale ambapo maji yako karibu, metre 6 ao chini ya hapo. Haihitaji esansi wala umeme, na mipira yake inabadilishwa kwa urahisi. Inchini Kenya, shirika la KickStart, lililoanza mwaka 1991 kwa jina la ApproTEC, lilieneza pampu za namna hiyo kati ya wakulima wadogo, na zikawa mwanzo wa biashara ya mboga kwa jamaa nyingi. Ubaya wake unajulikana: ni lazima mtu akanyage. Kwa bustani ndogo yenye vijana wenye nguvu, ni mlango wa kwanza usiomaliza akiba.

*Motopompe ya esansi.* Hii ni ya mtu mwenye shamba kando ya mto. Nusu hekta ya mboga inahitaji litre 25,000 kwa siku, na motopompe inaweza kuzitoa kwa karibu saa moja. Lakini inakunywa litre moja ya esansi na zaidi kwa saa. Kwa siku 150 za kiangazi, hizo ni litre 150 ao zaidi. Mnunuzi azidishe hesabu hiyo kwa bei ya esansi ya kijijini kwake, si ile ya kituo cha mjini, kwa sababu mara nyingi esansi ya chupa inauzwa ghali zaidi. Akumbuke pia kwamba kwenye urefu wetu motere inapoteza zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya nguvu iliyoandikwa.

*Pampu ya umeme.* Ni ya bei nafuu na inafanya kazi bila kelele, pale penye umeme wa kuaminika. Lakini inchini Kongo karibu mtu mmoja tu kati ya watano ndiye mwenye umeme nyumbani, na vijijini ni wachache zaidi. Hata kwa wateja wa SNEL mjini, umeme unaokatika na kushuka nguvu unaunguza motere. Anayetaka kuiendesha kwa jenereta ajue kwamba motere ya wati 370 inavuta mara mbili ao tatu ya kiasi hicho wakati wa kuwaka. Jenereta ndogo inazimika hapo hapo.

*Pampu ya jua.* Kwa bustani ya nyumbani isiyo na umeme, hesabu inaielekea hii. Turudi kwenye mfano wetu: maji yako metre 8 chini, tanki liko metre 3 juu, na tiyo inakula metre 2 nyingine. Jumla ni metre 13. Kusukuma litre 500 kwa saa hadi hapo, paneli ya wati 100 hadi 150 inatosha. Jua letu la kiangazi linatoa saa tano nzuri kwa siku, ndiyo litre 2,500, zaidi ya zile 1,500 zinazohitajika. Bei yake ya kwanza ni kubwa kuliko ya motopompe, lakini jua halilipishwi. Haihitaji batri, ambayo ndiyo kitu kinachokufa haraka: maji yaliyo ndani ya tanki ndiyo akiba ya usiku.

Paneli iangalie kaskazini, kwa sababu sisi tuko chini ya ikweta na jua la kiangazi linapita upande huo. Vitabu vya maelezo vilivyoandikwa Ulaya vinasema kusini. Ukifuata maneno hayo hapa, unapoteza nguvu. Mwezi wa 8 na wa 9, wakati wa vumbi na moshi wa majani yanayochomwa, paneli ipanguswe kila wiki. Na iwekwe mahali ambapo watu wa nyumba wanaiona usiku na mchana, kwani wezi wanaijua bei yake.

Dukani: soma kibati, usisome karatoni

Kila pampu ina kibati chenye maandishi. Mara nyingi kinaonyesha namba mbili: urefu wa mwisho wa kupandisha maji, na wingi wa mwisho wa maji. Tuseme imeandikwa metre 40 na litre 3,000 kwa saa. Wengi wanafikiri pampu itatoa litre 3,000 kwenye metre 40. Hapana. Kwenye metre 40 haitoi hata tone, na zile litre 3,000 zinatoka tu kama haipandishi maji popote. Mwombe muuzaji mchoro unaoonyesha maji yanayotoka kwenye urefu wako wewe. Asipokuwa nao, chagua pampu ambayo urefu wake wa mwisho ni karibu mara mbili ya ule unaouhitaji.

Kwa pampu ya umeme, angalia kwamba imeandikwa volti 220 na hertz 50. Kisha inyanyue. Motere nyingi za bei ya chini zimefungwa kwa waya wa alumini badala ya shaba, na hizo ni nyepesi na zinaungua mapema. Katika jimbo linalouza shaba kwa dunia nzima, mtu anaweza kununua motere isiyo na shaba ndani. Pampu mbili za nguvu sawa, ile nzito mara nyingi ndiyo ya shaba.

Ulizo la mwisho lisisahauliwe: pyesi zinapatikana wapi? Kabla ya kulipa, omba uonyeshwe mpira, klape na krepine ya pampu hiyo hiyo, dukani humo ao kwa jirani. Nunua seti moja ya akiba siku ile ile. Kutoka Lukafu kwenda Lubumbashi kutafuta mpira mmoja ni safari inayokula faida, na mboga hazingoji. Dai fakiture yenye tarehe na muda wa garanti. Ikiwezekana, pampu iwashwe ndani ya pipa la maji mbele yako.

Tanki, tiyo, na majirani

Pampu peke yake haimwagilii. Tanki lililowekwa metre 2 ao 3 juu linatosha kuendesha tiyo zenye matundu madogo zinazodondosha maji kwenye mizizi, na hapo bustani inakunywa maji machache zaidi. Chujio kiwekwe kabla ya tiyo hizo, la sivyo mchanga utaziba matundu. Tiyo kuu isiwe nyembamba kuliko mdomo wa pampu, maana kinachookolewa kwenye bei ya tiyo kinapotea kwa maji.

Kwa wale ambao bei inawashinda, kuna njia ya kununua kwa pamoja. Jamaa tatu zenye visima vinavyokaribiana zinaweza kugawana pampu moja na paneli moja juu ya mkokoteni, kila mmoja na saa zake. Lakini mapatano yaandikwe kabla: nani anaitunza, nani analipa ikiharibika, na kila mmoja anaweka franka ngapi kwa mwezi kwenye sanduku la pyesi. Pampu ya watu wengi isiyo na sanduku inakufa siku mpira wa kwanza unapokatika.

Yote yanaanza na kamba, jiwe na bido. Anayefika dukani akijua maji yake yako metre ngapi, yanarudi litre ngapi kwa saa, na bustani yake inataka litre ngapi kwa siku, muuzaji hawezi kumpa chochote anachotaka kukiondoa dukani. Kiangazi kinarudi kila mwaka. Mwezi wa 10 ukifika na visima vikashuka, ni wakati wa kupima.