Udongo wa kibanja umetoka wapi?

Ukitoka Omurushaka kwenda Nkwenda, chungulia dirishani. Mabondeni na kwenye miteremko migomba imejazana, chini yake mibuni, chini ya mibuni maharage. Panda juu kidogo unakuta majani mafupi tu, yaani rweya. Unaweza kudhani wazee walichagua ardhi nzuri wakaacha mbaya. Kwa kiasi ni kweli (vilele vingine ni mawe matupu, tukubali), lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo imetengenezwa na watu.

Mmea hunywa virutubisho vilivyoyeyuka kwenye maji ya udongo. Karagwe na Kyerwa zina misimu miwili ya mvua, na maji yanayozama hushuka na naitrojeni na potasiamu hadi mizizi isikofika. Mgomba huumia haraka, maana mizizi yake mingi iko juujuu, halafu ni mlaji mkubwa wa potasiamu.

Dawa ya wazee ilikuwa ng'ombe. Mchana anachungwa rweya, jioni anarudi nyumbani, samadi inaingia kibanjani. Majani mengine yalikatwa yakatandazwa chini ya migomba. Kwa hiyo rutuba ya mlimani ilikuwa inahamishwa kidogo kidogo kuja kuzunguka nyumba, kizazi baada ya kizazi, na rweya ikazidi kuchoka.

Kazi hiyo haina likizo. Kwenye misitu ya baridi ya Ufini au Kanada, majani makavu hukaa chini miaka mingi bila kuoza vizuri, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha hupooza kwa baridi. Huku kwetu tandaza leo, baada ya misimu michache huoni kitu.

Sasa fikiria lori la ndizi linaloelekea mjini. Zamani mkungu uliliwa hapohapo, maganda yakarudi shambani. Leo potasiamu inaondoka na mkungu, na maganda yanaishia jalalani huko. Ng'ombe kaya nyingi hazina, na rweya inazidi kugeuzwa mashamba.

Kama kwenu mikungu inazidi kuwa midogo, usikimbilie kulaumu mbegu. Tazama majani ya chini: yakigeuka njano ya chungwa na kukauka mapema, huenda ni njaa ya potasiamu. Ila ndizi zikiiva kabla ya wakati na kuoza ndani, shuku mnyauko; mwite afisa ugani. Na jivu la jikoni, ambalo lina potasiamu ya kutosha, kwenu linamwagwa wapi?