Madigadi ya Nyuma Isikatwe

Pikipiki mpya ikifika, kijana anayekabidhiwa mara nyingi hutamani kukata madigadi ya nyuma. Ni kweli, huonekana nyepesi na kupendeza. Kwenye lami ya Nangurukuru hadi Kilwa Masoko, wakati wa kiangazi, hasara yake haionekani. Lakini pikipiki za huduma huenda vijijini, ambako njia nyingi ni za udongo, na masika ya Machi hadi Mei huzigeuza kuwa tope. Tairi hulizoa tope na kulirusha mgongoni mwa abiria, ambaye huenda ni mama anayewahi kliniki, au juu ya boksi la dawa. Taa ya nyuma nayo hufunikwa, na dereva wa lori haioni usiku.

Madigadi ya bati ikikatwa, ukingo hubaki bila rangi, na hewa ya chumvi ya pwani yetu huleta kutu upesi. (Anayetaka urembo apake tangi rangi!)

Iliyokwisha kukatwa itengenezwe. Fundi akate kipande cha mpira wa tairi kuukuu, akifunge kwa bolti mbili kining'inie hadi karibu na usawa wa ekseli. Ajaribu watu wawili wakiwa wamepanda, mpira usiguse tairi.