Bastola Ndogo, Teke Kubwa

Januari 2018 kampuni ya SIG Sauer ilitoa nchini Marekani bastola iitwayo P365. Unene wake ni kama milimita 25, urefu wake hauzidi sentimita 15, na uzito wake bila risasi ni kama nusu kilo. Kwa vipimo hivyo haikuwa ajabu, kwa sababu bastola za ukubwa ule zilikuwepo tayari. Ajabu ilikuwa ndani ya mpini: magazini yake ilibeba risasi 10 za milimita 9. Glock 43, iliyotoka miaka mitatu kabla na yenye unene unaokaribiana nayo, ilibeba 6. Washindani wakaanza kukimbizana. Springfield Armory ilileta Hellcat mwaka 2019, na Ruger na Smith & Wesson wakafuata na za kwao mwaka 2021.

Ufumbuzi ulikuwa wa jiometri. Katika bastola nyembamba za zamani risasi hupangwa moja juu ya nyingine, kwa hiyo kila risasi huongeza karibu sentimita nzima kwenye kimo cha magazini. Katika bastola za kijeshi hukaa safu mbili zinazopishana, mpini ukanenepa mpaka mwenye kiganja kidogo hawezi kuuzungusha vidole. Wahandisi wa P365 walikaa katikati. Risasi zinapishana kidogo tu, kisha magazini inabanwa juu ili zitoke moja moja. Walinyang'anya milimita chache hapa, chache pale, na hizo chache zikatosha risasi nne za ziada.

Kwa nini jitihada yote hiyo? Kwa sababu Wamarekani wengi hubeba bastola chini ya shati kila siku, na sheria zao zimezidi kuwaruhusu. Mwaka 1987 jimbo la Florida lilipitisha sheria iliyolazimisha maofisa kumpa kibali cha kubeba silaha iliyofichwa kila raia aliyetimiza masharti, badala ya kuwaachia waamue wenyewe nani anastahili. Majimbo mengine yakaiga, na Illinois, jimbo la mwisho lililokataza kabisa, lilifungua mlango mwaka 2013. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Bruen iliyotoka New York, iliamua kwamba kubeba bastola hadharani kwa ajili ya kujilinda ni haki ya kikatiba. Leo zaidi ya nusu ya majimbo 50 hayadai kibali chochote.

Sheria moja ilichangia bila kukusudia. Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipiga marufuku kuuza magazini mpya za zaidi ya risasi 10 kwa raia, marufuku iliyodumu miaka kumi. Kama bastola kubwa haiwezi kuzidi risasi 10, mnunuzi ana sababu gani ya kubeba kubwa? Glock 26, bastola nene na fupi iliyotoka mwaka 1995, ilibeba risasi 10 hasa, na ikapata soko mara moja.

Tamaa ya silaha ya kufichika ni ya zamani zaidi. Bastola iliyomuua Rais Abraham Lincoln Aprili 1865 ilitengenezwa na Henry Deringer wa Philadelphia. Ilikuwa na urefu wa sentimita 15 hivi na risasi moja tu. Mwaka 1903 Colt ilianza kuuza bastola ya mfukoni iliyobuniwa na John Browning, yenye nyundo iliyofunikwa ili isinase kwenye nguo. Mwaka 1950 Smith & Wesson ikaleta rivolva ya risasi tano, Chiefs Special, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ndiyo silaha ya akiba ya askari kanzu. Kila kizazi kilipunguza kitu, na kila kizazi kililipa kwa kitu kingine.

Malipo makubwa zaidi ni teke. Newton alikwisha kulieleza: risasi inaposukumwa mbele, bastola husukumwa nyuma kwa kiasi kile kile. Tuchukue risasi ya milimita 9 yenye gramu 7.5 inayotoka kwa mita 350 kwa sekunde, tuweke kando gesi ya baruti ili hesabu iwe nyepesi. Bastola ya askari iliyojaa, yenye gramu 900, itarudi nyuma kwa karibu mita 2.9 kwa sekunde. Ndogo yenye gramu 600 itarudi kwa mita 4.4. Nishati inayoufikia mkono hupanda kutoka karibu jouli 3.8 hadi 5.7, yaani nusu yake zaidi, ingawa risasi ni ile ile. Mtu akiruka ufukoni kutoka kwenye mtumbwi mdogo, mtumbwi humponyoka nyuma. Akiruka kutoka jahazini, jahazi halitikisiki.

Ndiyo maana mtu anayeingia dukani akitafuta bastola nyepesi kuliko zote, kwa kudhani kwamba wepesi ndio starehe, hupata mshangao siku ya kwanza ya kulenga shabaha. Ruger LCP ya mwaka 2008 ina uzito wa gramu 270 hivi na hupiga risasi fupi iitwayo .380, dhaifu kuliko ya milimita 9. Hata hivyo wepesi wake wenyewe unamfanya mpigaji ahisi pigo kali kiganjani. Wengi huinunua, huipiga mara chache, kisha huiacha mfukoni bila mazoezi. Hapo ndipo tatizo lenyewe lilipo, kwa kuwa silaha isiyofanyiwa mazoezi ni hatari kwa mwenyewe na kwa walio karibu naye.

Teke halisukumi nyuma tu, huzungusha pia. Mtutu umekaa juu ya mkono, kwa hiyo nguvu inayorudi hunyanyua mdomo wa bastola. Mpini mrefu huupa mkono nafasi ya kuzuia mzunguko huo. Mpini mfupi unaoacha kidole kidogo kikining'inia hewani hauupi nafasi hiyo. Watengenezaji hujibu kwa kuongeza kipande cha plastiki chini ya magazini ili kidole hicho kipate pa kushika. Kipande hicho huongeza sentimita moja au mbili, na sentimita hizo ndizo zinazoonekana chini ya shati.

Kuna hasara nyingine isiyohisiwa mkononi. Bastola hulengwa kwa kulinganisha kilengeo cha nyuma na cha mbele. Viwili hivyo vikiwa mbali milimita 165, kama katika bastola kubwa, kosa la milimita moja hupeleka risasi pembeni kwa sentimita 6 kwenye umbali wa mita 10. Vikikaribiana hadi milimita 130, kosa lile lile huwa karibu sentimita 7.7. Macho yaliyozeeka hayasamehewi.

Wala mikono iliyochoka. Juu ya bastola kuna slaidi, kipande cha chuma kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, kikatupa ganda na kupakia risasi nyingine. Slaidi fupi ni nyepesi na ina njia fupi ya kusafiri, kwa hiyo springi yake lazima iwe ngumu zaidi ili kuizuia. Matokeo yake ni kinyume na anavyotarajia mnunuzi: bastola ndogo huwa ngumu kuvuta kuliko kubwa. Mtu mwenye baridi yabisi vidoleni huuziwa ndogo kwa sababu inaonekana ya kumfaa, akifika nyumbani hawezi kuipakia. Mwaka 2018 Smith & Wesson ilitoa Shield EZ, yenye umbo kubwa kidogo na springi laini, ikiwalenga hasa watu hao. Muuzaji mwaminifu humpa mteja aivute slaidi kabla ya kutaja bei.

Mtutu mfupi nao huipunguzia risasi mwendo, kwa kuwa gesi haipati muda wa kuisukuma. Kutoka mtutu wa milimita 114 hadi wa milimita 79 mara nyingi hupotea mita 20 au 30 kwa sekunde. Hilo lina uzito kwa sababu risasi za kujilinda huwa na tundu kwenye ncha ili zifunguke zinapoingia mwilini, na zikipungua mwendo sana zinaweza zisifunguke. Elimu hii ilipatikana kwa damu. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Risasi moja ya milimita 9 ilipita mkononi mwa jambazi, ikaingia kifuani na kusimama kabla ya kufika moyoni, naye akaendelea kupigana. Baada ya hapo FBI ilianza kupima risasi kwa kuzipiga kwenye jelatini iliyotengenezwa ifanane na misuli, na kuweka kiwango cha kupenya kati ya sentimita 30 na 46. Kiwango hicho ndicho kinachoongoza viwanda hadi leo, na kwa mnunuzi wa bastola fupi maana yake ni kutafuta risasi iliyopimwa katika mtutu mfupi, si katika mrefu.

Je, starehe yenyewe? Hapa watu hukosea mahali pa kukata. Wengi hudhani mtutu ndio mgumu kuuficha, kumbe mtutu huingia ndani ya suruali na kupotea. Kinachojitokeza ni mpini, unaosukuma shati mtu anapoinama. Kwa wanaobeba mbele ya kiuno, mtutu mrefu kidogo husaidia hata kutuliza silaha, kwa sababu ncha yake huegemea mwili na kuirudisha sehemu ya juu ndani. Unene nao husumbua kuliko urefu: milimita tano za ziada kati ya mkanda na mfupa wa nyonga huhisiwa njia nzima mtu akiendesha gari kutoka Dallas kwenda Houston.

Mkanda na ala hufanya kazi kubwa kuliko wanavyokiri wauzaji wa bastola. Mkanda laini huachia uzito uning'inie sehemu moja, nayo ngozi huchubuka. Mkanda mgumu huusambaza kiuno kizima. Ala nzuri, ya ngozi nene au ya plastiki iliyofinyangwa kwa joto kwa umbo la silaha husika, hufunika kifyatulio chote na haijifungi inapokuwa tupu. Kufunika kifyatulio si pambo. Bastola nyingi za leo hazina kitasa cha usalama cha nje, na kifyatulio chake huhitaji nguvu ya kilo mbili na nusu hivi. Ncha ya shati au kamba ya jaketi ikiingia humo wakati wa kurudisha silaha alani, inatosha. Polisi wa New York waliliogopa jambo hilo kiasi cha kudai, kwa miaka mingi, vifyatulio vya zaidi ya kilo tano.

Halafu kuna jasho. Katika joto la Texas au Florida chumvi ya mwili hula chuma siku baada ya siku, hasa upande unaogusa ngozi. Viwanda hupambana nayo kwa chuma cha pua na kwa kuingiza naitrojeni katika uso wa chuma ili uwe mgumu, lakini skrubu ndogo na springi bado hushika kutu. Mbebaji makini hufuta na kupaka mafuta, pia hutoa nyuzi za nguo zinazojikusanya ndani.

Mafanikio ya wahandisi hawa yameleta jambo ambalo hawakuliweka kwenye michoro yao: bastola isiyohisiwa husahaulika. Mwaka 2023 walinzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikamata bunduki na bastola 6,737 kwenye ukaguzi wa abiria, rekodi kwa wakati huo, na zaidi ya asilimia 90 zilikuwa na risasi ndani. Wengi wa waliokamatwa hujieleza kwa neno moja: wamesahau. Ni vigumu kutowaamini, na hilo lenyewe linatia hofu. Kilichosahaulika kwenye begi uwanjani kinaweza kusahaulika kwenye begi sebuleni, mahali mtoto anapotafuta pipi.

Nyumbani ndiko hatari ilikolala. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mwaka 2020, ulifuatilia watu wazima milioni 26 wa California kwa miaka 12; ulikuta kwamba wanaume wenye bastola walijiua kwa bunduki kwa kiwango cha karibu mara nane ya wasio nayo, na wanawake mara 35. Hakuna ala wala springi inayoiondoa takwimu hiyo. Sanduku dogo la chuma linalofunguka kwa namba au alama ya kidole, lililofungwa kitandani au ndani ya gari, lina haki ya kuwa katika bajeti ya kwanza, kabla ya risasi za mazoezi.

Kwa Waswahili walioko Marekani, sheria huanza kabla ya duka. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua, lakini aliyeingia kwa viza ya muda, awe mwanafunzi au mgeni, kwa kawaida amekatazwa na sheria ya taifa hata kuishika risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Kosa hilo ni la jinai na linaweza kuishia kwa kufukuzwa nchini. Anayeruhusiwa naye hupata kibali chenye mipaka: cha Texas hakitambuliwi California wala New York.

Anayeendelea baada ya hayo yote ana njia rahisi ya kuchagua. Sehemu nyingi za kulenga shabaha hukodisha bastola. Apige sanduku moja la risasi 50 kwa bastola ya ukubwa wa kati kama Glock 19, kisha sanduku jingine kwa ile ndogo aliyoipenda dirishani, shabaha zote mbili zikiwa mita 7, akiwa na mwalimu pembeni. Mashimo kwenye karatasi ya pili yakitawanyika mara mbili ya yale ya kwanza, bastola aliyoipenda ni ndogo mno kwake.