Muziki kama Msimulizi wa Pili: Tathmini ya Muziki wa Tamthilia ya Televisheni ya Roots

Utangulizi

Msomaji wa Utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, anakumbuka jinsi shujaa huyo alivyojinasua gerezani. Tupa ilifichwa ndani ya mkate wa wishwa uliopelekwa na mjakazi Saada, kwani walinzi walikuwa na mazoea ya kula kilicho kizuri na kumwachia mfungwa kilicho duni. Kisha ngoma ya gungu ikapigwa, na vishindo vya matoazi na pembe vikaifunika sauti ya tupa iliyokuwa ikikata pingu. Katika kisa hicho muziki si pambo. Ukiuondoa, Liyongo hatoki gerezani.

Makala haya yanaanza na kisa hicho kwa makusudi. Katika masomo ya fasihi simulizi tumezoea kuihakiki ngoma, wimbo na ala kuwa viungo vya utendaji. Hata hivyo, tunapoifikia tamthilia ya televisheni, aghalabu tunachambua wahusika, ploti, mandhari na mazungumzo, kisha tunaupita muziki bila kuusemesha. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba muziki uliotungwa mahususi kwa ajili ya tamthilia ya kihistoria ni msimulizi wa pili, na kwamba, kwa kuwa unasimulia, unapaswa kuulizwa swali lile lile tunalomwuliza kila msimulizi wa historia: je, anayotuambia ni kweli, na anasema kwa niaba ya nani?

Mfano tutakaoutumia ni tamthilia ya Roots, iliyoonyeshwa na shirika la ABC nchini Marekani kwa usiku nane mfululizo, kuanzia tarehe 23 hadi 30 Januari 1977. Tamthilia hiyo ilitokana na kitabu cha Alex Haley kilichotolewa mwaka wa 1976. Inamfuata Kunta Kinte, kijana wa Kimandinka kutoka kijiji cha Juffure nchini Gambia, anayetekwa mwaka wa 1767 na kuuzwa utumwani Marekani, pamoja na vizazi vilivyomfuata. Inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 100 waliitazama sehemu ya mwisho.

Dhana ya Muziki wa Tamthilia

Kabla ya kuendelea, ni vyema kutofautisha aina mbili za muziki. Kuna muziki wa ndani ya kisa, yaani ule ambao wahusika wenyewe wanausikia: mhusika anapiga fidla, wafiwa wanaimba mazishini. Kuna pia muziki wa nje ya kisa, ambao mtazamaji anausikia ilhali wahusika hawausikii. Huu wa pili ndio unaokaribia zaidi nafasi ya msimulizi maizi katika riwaya, yule anayejua yote. Unajua hatari kabla mhusika hajaijua, na kwa hiyo hujenga taharuki. Unaweza kurudia mahadhi ya tukio lililopita na kuyaleta katika tukio la sasa, na hapo hufanya kazi ya mbinu rejeshi bila kuhitaji picha hata moja. Unaweza pia kupingana na yanayosemwa, na hapo huzua kinaya.

Katika tamthilia ya kihistoria, muziki huu hubeba mzigo wa ziada. Tamthilia ya maisha ya sasa inaweza kutumia sauti zilizozoeleka kwa mtazamaji. Tamthilia ya karne ya 18, kinyume chake, inalazimika kumshawishi mtazamaji kwamba amefikishwa mahali na wakati asioujua. Mavazi na majumba hufanya sehemu ya kazi hiyo. Sauti hufanya sehemu iliyobaki, na huifanya upesi zaidi, kwa sababu sikio huamini kabla akili haijauliza.

Watunzi Wawili, Kazi Moja

Muziki wa Roots una watunzi wakuu wawili. Wa kwanza ni Quincy Jones (1933–2024), Mmarekani mweusi aliyekuwa na sifa kubwa katika jazi na katika muziki wa filamu. Jones aliitunga sehemu ya kwanza, ile inayosimulia maisha ya Juffure na kutekwa kwa Kunta. Kazi yake ilikwenda polepole huku tarehe ya maonyesho ikikaribia, na watayarishaji wakamwita mtunzi mwingine aikamilishe. Huyo alikuwa Gerald Fried (1928–2023), Mmarekani mweupe, mpigaji wa ala ya obo, ambaye alikuwa ametunga muziki wa filamu za awali za Stanley Kubrick na wa baadhi ya vipindi vya Star Trek. Mwaka huo wa 1977 wawili hao walitunukiwa kwa pamoja tuzo ya Emmy kwa muziki wa sehemu ya kwanza. Fried aliendelea na kazi hiyo katika Roots: The Next Generations ya mwaka wa 1979.

Mgawanyo huu haukupangwa, lakini una maana kwa mhakiki. Msimulizi anayetuongoza Afrika si yule anayetuongoza Virginia. Jones aliiendea Afrika kama mtu anayetafuta kwao. Fried alikuwa na jukumu la kuwafuata wahusika kwa miongo mingi ya utumwa, vita na ukombozi, na kuhakikisha kwamba mtazamaji wa usiku wa nane bado anamkumbuka kijana wa usiku wa kwanza. Ikumbukwe pia kwamba santuri iliyotolewa kwa jina la Jones mwaka wa 1977 ina nyimbo za kiroho za watumwa na kipande kinachohusu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, ilhali sehemu za tamthilia zinazohusu vita hivyo hakuzitungia yeye. Kwa hiyo santuri na tamthilia ni matini mbili tofauti, na si sahihi kuihakiki moja kwa kuisikiliza nyingine.

Kutoka Ngoma hadi Fidla

Yafaa tuangalie jinsi kisa chenyewe kinavyoujali muziki. Kunta Kinte anatekwa akiwa ametoka kijijini kutafuta gogo la kuchongea ngoma. Ngoma hiyo haichongwi kamwe. Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki, ambaye kwake neno moja, ngoma, ni ala, ni mchezo na ni sherehe nzima inayowakusanya watu, maana ya tukio hilo ni pana. Kilichokatizwa si kazi ya mikono tu; ni mkusanyiko mzima ambao ungeizunguka ngoma hiyo.

Historia inaunga mkono usomaji huu. Baada ya maasi ya watumwa ya Stono mwaka wa 1739, koloni la South Carolina lilipitisha sheria mwaka wa 1740 iliyowakataza watumwa kupiga ngoma na baragumu, kwa kuwa mabwana walikuwa wametambua kwamba ala hizo zinaweza kuwaita watu vitani. Mabwana walielewa jambo ambalo wahakiki wetu hulisahau mara kwa mara: kwamba muziki husema.

Huko Virginia, Kunta hakuti ngoma, anakuta fidla. Mpigaji wake ni mtumwa mzee aitwaye Fiddler, yaani Mpiga Fidla, mhusika aliyeigizwa na Louis Gossett Jr., ambaye alipata tuzo ya Emmy kwa uigizaji huo. Huyu ndiye anayemfundisha Kunta Kiingereza na njia za kuishi utumwani. Ndiye pia anayempokea mikononi mwake baada ya kijana huyo kuchapwa mijeledi hadi akubali kuitwa Toby. Jina la Mpiga Fidla ni kazi yake. Jina lake la asili limepotea. Tunaona hapa sadfa ya kutisha: anayemfariji Kunta anaponyang'anywa jina ni mtu ambaye jina lake limekwisha kumezwa na ala ya muziki, tena ala ya bwana wake.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba muziki wa watumwa ulikuwa wa kuazima mtupu. Banjo, ambayo leo wengi huihusisha na Wamarekani weupe wa mashambani, ilitokana na ala za nyuzi za Afrika Magharibi zilizovuka bahari katika kumbukumbu za mateka. Miongoni mwa ala zinazofanana nayo ni akonting ya Wajola, majirani wa Wamandinka huko Senegambia. Hivyo basi, kila banjo inaposikika katika hadithi ya mashamba ya watumwa, Gambia haiko mbali kama inavyodhaniwa.

Sauti ya Nani?

Tumefika sasa kwenye swali gumu zaidi. Jones alipotaka sauti ya Afrika, aliwaita Letta Mbulu na mumewe Caiphus Semenya, wanamuziki wa Afrika Kusini waliokuwa wakiishi uhamishoni Marekani. Mbulu aliimba wimbo unaoitwa Many Rains Ago, ambao jina lake la pili ni Oluwa. Sauti yake ni ya kupendeza na yenye uchungu uliokomaa. Lakini Oluwa ni neno la Kiyoruba lenye maana ya Bwana, na Wayoruba wako Nigeria na Benin, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Juffure. Zaidi ya hayo, Kunta na jamaa zake ni Waislamu. Mungu wao wanamwita Allah.

Wamandinka si watu waliokosa muziki wa kuazimwa. Wana jali, fanani wa kurithi ambaye huhifadhi nasaba za koo na kuzitongoa kwa kora, ala yenye nyuzi 21, au kwa balafoni. Haley mwenyewe alisema kwamba alipofika Juffure mwaka wa 1967, msimulizi wa mapokeo ndiye aliyemtajia Kunta katika mlolongo wa nasaba. Kwa maneno mengine, hadithi nzima inadai kuwa imezaliwa katika kinywa cha fanani wa Kimandinka. Ilipofika zamu ya muziki, Kimandinka kikabadilishwa kwa Kiyoruba na koo za Afrika Kusini.

Wanahistoria walikihoji kitabu cha Haley vikali, na mwaka wa 1978 mwandishi huyo alimlipa Harold Courlander dola 650,000 kumaliza kesi iliyohusu vifungu vilivyofanana na vya riwaya ya Courlander. Maswali hayo yalielekezwa kwa maandishi. Muziki hupita kimyakimya, kama kwamba sauti haiwezi kutoa ushahidi wa uongo.

Mtindo huu haukukoma mwaka wa 1977. Katika wimbo Liberian Girl wa Michael Jackson, uliotolewa mwaka wa 1987 chini ya utayarishaji wa Quincy Jones, Letta Mbulu anasikika mwanzoni akitamka maneno ya mapenzi kwa Kiswahili. Kiswahili si lugha ya Liberia. Sisi tunaosoma lugha hii tunaweza kufurahi kuisikia ikivuma duniani, na wengi wetu tulifurahi. Lakini furaha hiyo inapaswa kutusaidia kuelewa jinsi Mmandinka anavyoweza kujisikia anapoisikia Oluwa ikiimbwa juu ya kijiji chake. Anakaribishwa katika karamu kwa jina la mtu mwingine.

Je, tumhukumu Jones? Haki inatutaka tusikilize upande wa pili. Mmarekani mweusi wa mwaka wa 1977 hakuwa na kijiji kimoja cha kukiita kwao. Utumwa uliwachanganya Wamandinka, Wayoruba, Waigbo na Wakongo katika shamba moja, na kizazi chao kikaurithi mchanganyiko huo kama bara moja lisilo na mipaka. Muziki wa Jones hauisemi kweli ya Juffure. Unaisema kweli ya mtu aliyepokonywa Juffure yake asijue hata kama ilikuwa Juffure. Tena, Mbulu na Semenya walikuwa mbali na nchi yao kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Sauti ya mkimbizi ikimwimbia mateka, hata kwa lugha isiyo ya mmoja wao, ina uhusiano wake wa damu.

Kwa maoni yetu, basi, muziki huu ni msimulizi mwaminifu kwa hisia na mzembe kwa mahali. Uaminifu wake ndio uliowaliza watazamaji. Uzembe wake ndio uliowafundisha watazamaji hao hao kwamba Afrika ni mlio mmoja.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba muziki wa Roots haukusindikiza hadithi tu, bali uliisimulia: uliiweka Afrika masikioni, ukaiunganisha na Virginia, na katika kufanya hivyo ukachagua ni Afrika ipi isikike. Roots ilipotengenezwa upya mwaka wa 2016, muziki nao ulitungwa upya. Mtunzi kutoka nchi nyingine hana kosa kwa sababu ya kuwa mgeni. La muhimu ni masikio anayokwenda nayo na watu anaowasikiliza.

Suala hili linatuhusu moja kwa moja. Miongoni mwetu wamo watakaoandika tamthilia za kihistoria za nchi hii. Mtu akiandika juu ya Mekatilili wa Menza, aliyewahamasisha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka wa 1913 kwa kucheza kifudu, ngoma ya matanga, atafanya nini siku mtayarishaji atakapomletea ngoma yoyote tu iliyorekodiwa popote, akisema kwamba mtazamaji hatajua tofauti? Mtazamaji wa mbali huenda asijue. Bibi wa Kigiriama aliyeketi mbele ya televisheni kule Kaloleni atajua tangu pigo la kwanza, na hatakuwa na sababu ya kuyaamini maneno yatakayofuata.