Kilimo cha mjini
Kilimo cha mjini ni ukuzaji wa mazao na ufugaji wa wanyama ndani ya mji au pembezoni mwake, kwa chakula cha nyumbani au kwa kuuza.

Jijini Dar es Salaam (Tanzania) mboga za majani, hasa mchicha, hulimwa mabondeni, kwa mfano kando ya mto Msimbazi. Mchicha huvunwa baada ya wiki 3 hadi 4 tu, nao hunyauka upesi. Ndiyo sababu hufaa kulimwa karibu na soko.

Hata hivyo, mto huo hupokea majitaka ya nyumba na viwanda. Mboga zinazomwagiliwa maji hayo zinaweza kubeba vijidudu na metali nzito kama risasi. Kupika vizuri huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi. Hivyo usalama wa mboga huanzia shambani.