Mlango Ukifungwa, Miguu Isifungwe



Mwezi wa Mei mwaka 2020, njia za kuingia na kutoka Mji wa Kale, Mombasa, zilifungwa kwa ajili ya korona. Kwa wengi lilikuwa jambo la subira. Kwa mama aliyepasuliwa ili kupunguzwa mfuko wa chakula, akaagizwa atembee kila siku, lilikuwa pia jambo la afya: atatembea wapi? Njia zilifunguliwa baadaye, ila swali hilo limebaki majumbani mwetu.

Si swali dogo. Upasuaji hupunguza tumbo, bali haujengi misuli. Mwili unapopungua upesi hauyeyushi mafuta peke yake. Misuli nayo hupungua. Asiyejishughulisha huwa mwembamba aliye dhaifu, na baada ya miaka unene waweza kurejea. Na unene uliokithiri humzidishia mtu hatari ya kulemewa na korona.

Lakini mazoezi hayahitaji ufuo wala uwanja. Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Zigawe kwa sala zako: dakika 10 baada ya alfajiri, 10 baada ya laasiri, na 10 baada ya isha. Kwa siku 5 zimetimia. Zunguka uani, au panda na kushuka ngazi ukishika ukuta, huku ulimi ukileta uradi. Daktari akikuruhusu, siku 2 kwa juma zoeza misuli: keti kitini na usimame mara 10, kisha sukuma ukuta kwa viganja.

Yapo ya kuchunga. Wiki za mwanzo usiinue ndoo ya maji, mtungi wa gesi wala mtoto. Kunywa maji kwa mafunda madogo madogo. Anza mlo kwa samaki, yai au pojo, kwani bila protini misuli haijengeki. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi zikikubana, usingoje kukuche: tafuta daktari mara moja.

Nanyi akina baba na vijana, mzigo huu si wa mama pekee. Mchukulieni ndoo, kisha tembeeni naye. Mwili ni amana, na amana hutunzwa hata mlango ukiwa umefungwa.

Wabillahi tawfiq.