Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa Ndege

Tuseme dada yako amelazwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Wewe uko Dar es Salaam. Saa ya kuona wagonjwa ni saa 10 jioni. Je, utawahi?

Kwa barabara, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 1,100. Basi litakuchukua mchana kutwa, na pengine usiku pia. Reli hupitia Tabora, nayo ni ndefu zaidi. Lakini chukua uzi, uunyooshe juu ya ramani kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi ule wa Mwanza. Urefu wa uzi huo ni kilomita 850 hivi. Ndege haizunguki mlima wala haitafuti daraja.

Hebu tupige hesabu. Ndege ya jeti ikiwa juu huenda kilomita 800 hivi kwa saa. Gawanya 850 kwa 800. Utapata saa moja na dakika chache. Mbona basi tiketi huonyesha karibu saa moja na nusu? Kwa sababu ndege hutembea kwanza polepole chini, hupanda, kisha hupunguza mwendo ili itue. Dakika hizo zote huhesabiwa. Ndege ya pangaboi huenda polepole zaidi, hukaribia saa mbili.

Tazama safari ya Dar es Salaam hadi Unguja. Ni kilomita 75 tu, lakini huchukua dakika 20 hivi. Ndege haijamaliza kupanda, inaanza kushuka! Ndiyo maana safari fupi haionyeshi mwendo halisi wa ndege.

Sasa tuitazame tiketi. Hapa ndipo watu wengi hukosa safari, hata waliosoma sana. Saa za tiketi huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, si kuanzia alfajiri kama tunavyohesabu sisi. Ukiona 07:00, usifikiri ni saa 7 mchana. Toa 6. Ni saa 1 asubuhi. Ukiona 13:00, toa 6. Hiyo ndiyo saa 7 mchana. Ukiona 05:30, huwezi kutoa 6, basi ongeza 6: ni saa 11 na nusu alfajiri.

Tiketi yako imeandikwa 13:00. Uwe uwanjani saa mbili kabla, yaani saa 5 asubuhi, na njiani kuna foleni ya magari. Utatua Mwanza saa 8 na nusu. Uwanja uko Ilemela, nje ya katikati ya mji. Weka saa nzima ya kungoja mzigo na kupanda gari. Utafika Bugando saa 9 na nusu. Dada yako utamwona.